Shubiri ya Ami

Ghubra, Maskati
Ijumaa, 4 Novemba 2022

Ami yangu Muhanna,

Shikamoo. Mimi mzima, joto limepungua, chakula nakula. Mwezi wa pili sasa tangu niondoke Unguja, na kila nikipiga simu Bi Mastura wako ananambia uko msikitini. Asubuhi msikitini, mchana msikitini. Ami, mbona umekuwa walii ghafla? Ndo maana nakuandikia. Ruwi kuna duka la mizigo linalopeleka maboksi huko, na mwenyewe kakubali kuitia barua hii ndani ya boksi la mtu.

Sasa sikiliza. Humu ndani mna besi! Ile ile ya kusimama, kubwa kuliko mimi, imekaa pembeni mwa majlisi ya wageni kama kabati jipya. Ya Nasr, mtoto wa Bi Balqis mwenye nyumba, aliyesomea muziki na sasa yuko ofisini wala hana habari nayo. Siku ya kwanza naipangusa vumbi, kitambaa kikagusa uzi mnene, ikanguruma. Nililia, Ami. Nilijiona nna miaka saba, niko nyuma ya mlango wa klabu ya taarabu, nakusikia wewe unawashikia wenzako mdundo.

Nikamwomba ruhusa Bi Balqis. Huyu kazaliwa hapa hapa Maskati, lakini wazee wake wa Unguja, Kiswahili chake utadhani jirani yetu. Akacheka mpaka akakaa kitako. "Mboni, wewe na besi?" Kisha akasema haya, baada ya chakula cha mchana, wao wakilala, milango nifunge, na nisiikwaruze.

Siku naondoka ulisema mbele ya Bwana Aflah wa akodiani: "Kiti changu cha besi simpi mtu. Mboni akijifunza huko, akirudi ni chake." Ulikuwa unanibembeleza nisilie, au ulikusudia? Maana mimi nimekusudia. Mkataba huu ni wa miaka miwili na wa pili siutaki. Nna miaka thelathini na moja, sitaki kuzeeka nikisugua mabafu ya watu. Nifundishe. Nianzie wapi? Nikijirikodi kwa simu nikakutumia, utanisikiliza?

Mwanao,
Mboni


Kikwajuni, Unguja
27 Novemba 2022

Mwanangu Mboni,

Marahaba, tena marahaba mara mia. Barua yako nimeisoma nikinywa chai, chai ikapoa.

Nilikusudia. Muhanna hasemi maneno ya uwanja wa ndege.

Kwanza, simu uitoe akilini kabisa. Besi haisikiki kwenye simu. Kile kipaza sauti chake ni kidogo kama ukucha. Fidla inapita, besi inabaki njiani. Utanitumia rikodi yako nisikie tik tik, kama mtu anakwangua ukoko. Wala usinipigie, simu yangu mbovu na nyumba hii ina makelele. Niandikie. Mambo ya besi yanaandikika.

Pili, simama. Besi ikuegemee wewe, usiiegemee wewe. Ikikuangusha, mlaumu mwenyewe.

Tatu, vipimo, na hapa ndo penye kazi. Besi haina vijiti shingoni kama gitaa, hapana wa kukwambia kidole kikae wapi. Sisi tulifundishwa kwa shubiri. Juu ya shingo pana kipande cha pembe ambapo nyuzi zinapita. Uzi mtupu, bila kuubana, ndo noti ya kwanza. Kutoka kwenye ile pembe, nusu shubiri, bandika plasta: noti ya pili. Shubiri kamili, umekunjua mkono kutoka gumba mpaka kidole cha mwisho hadi unauma: ya tatu. Shubiri na vidole viwili: ya nne. Hivyo hivyo nyuzi zote nne, na uzi wa kwanza ni ule mnene. Mwalimu wangu alinipimia hivi, na besi ya klabu ina plasta zangu mpaka leo.

Plasta ni za wiki mbili tu. Baada ya hapo fumba macho, sikio litakurekebisha. Sikio ndo fundi, mkono ni kibarua wake.

Bi Mastura anakusalimu. Anasema ule.

Ami yako,
Muhanna, mpiga besi


Ghubra
Ijumaa, 13 Januari 2023

Dada Bupe,

Nakuandikia kwa mkono wa Justus wa gari la maji, kwa sababu najua madamu wako wa Qantab anakufungia simu kabatini, na mimi leo sikupewa ruhusa ya kutoka, kuna wageni. Ningekuja tukutane Ruwi nikulilie begani.

Besi imeondoka. Nasr kaoa, kahamia Sohar, Jumanne kaja na pikapu na wapagazi wawili, wakaifunga blanketi kama mgonjwa wakaitoa. Mlango niliwashikia mimi. Alhamisi ndo ikafika barua ya Ami Muhanna, baada ya kuzunguka wiki sita kwenye maboksi ya watu, ina mafunzo yote. Siku mbili, Bupe! Sikuwahi hata kupima noti moja kwenye besi ya kweli. Muda wote ule nilikuwa nachezea nyuzi tupu kama kichaa.

Simwambii. Nikimwambia sina besi atasema basi, atakiachia kile kiti, na watu wa klabu wanakimezea mate. Nimefanya hivi: wametupa kitanda cha zamani cha wageni, nikachukua ubao mmoja wa ubavuni, unanizidi urefu. Nnao chumbani kwangu huku juu ya paa. Nimebandika plasta kwa shubiri, kama alivyoandika, nusu, kamili, na vidole viwili. Nnachotaka kwako ni mshipi, ule mnene wa samaki wakubwa. Hapo kwenu wavuvi wanautupa ufukweni. Vipande vinne, kila kimoja kikuzidi urefu.

Utaniuliza sauti. Sauti hakuna, utatoa tik tu. Lakini vidole vitaijua njia, na siku nikishika besi yenyewe sauti itakuja. Au unaonaje?

Mboni


Qantab
20 Januari 2023

Mdogo wangu Mboni,

Ugonile! Mshipi huu hapa. Nimeuokota mwenyewe, wavuvi wakabaki wananitazama, wanadhani nimechanganyikiwa. Unanuka samaki, uoshe na sabuni ya vyombo.

Sasa umeniuliza naonaje, ngoja nikuambie ukweli usinune. Kwetu Tukuyu kuna mwaka mwalimu wa kwaya alisafiri, tukajifunza wimbo wa Pasaka miezi mitatu bila kinanda, kila mtu na karatasi yake. Tukajiona tumeiva. Siku yenyewe kinanda kikaanza: sisi tuko Dodoma, kinanda kiko Mbeya. Aisee, mchungaji aliinamisha kichwa mpaka mwisho.

Mwambie mzee. Hatakufa akijua huna besi. Ukimficha utakuja kuaibika mbele za watu, tena watu wa pwani, mnavyopenda kuchekana!

Ila mshipi nimekuletea. Ndivyo nilivyo mjinga.

Bupe


Kikwajuni
14 Mei 2023

Mwanangu Mboni,

Ramadhani tumeimaliza salama. Ila mji huu unanichosha. Adabu zimewatoka watu, wanapita nyuma yangu hawasalimu, nikigeuka wameshafika kona. Muadhini mpya sijui wamemtoa wapi, hana koo kabisa. Hata masika ya mwaka huu yamenyesha kimya kimya. Nimefungua mlango nikakuta maji yashafika kibarazani.

Barua yako ya Machi imenifurahisha. Kama vidole vyako vinakwenda kwenye noti bila kuangalia plasta, umeshavuka pale nilipokwama mimi mwaka mzima.

Sasa pokea bashraf, ile ya kufungulia onyesho, isiyoimbwa. Ukiijua hii umeijua klabu. Nimeiandika kwa tarakimu nyuma ya karatasi hii: tarakimu ya kwanza uzi, ya pili noti. Usikimbie. Fidla zitakimbia, akodiani litajishaua, kanuni itapiga mbwembwe zake, wewe uwe pale pale. Mguu wa kushoto uhesabu, na uso usionyeshe kitu. Mpiga besi anayetabasamu kashakosea.

Bwana Aflah kaniuliza juzi: "Yuko wapi yule mwanao na besi lake?" Nikamwambia anakuja, na atakutia adabu wewe na akodiani lako.

Ami yako,
Muhanna


Ghubra
Ijumaa, 15 Septemba 2023

Ami yangu,

Shikamoo. Bashraf nimefika nusu. Bi Balqis anasema nikipiga, glasi zinatetemeka kabatini, na juzi kaniuliza kama nyimbo hizi zina maneno. Vidole vimeota sugu, kwanza lengelenge, likapasuka, likaota tena, sasa ngumu kama kisigino. Hii ya sugu ni kweli kabisa, naapa.

Kila siku baada ya chakula, wakilala, napanda juu walikoihamishia besi, nusu saa. Saa nane mchana paa linachoma kupitia ndala. Nahesabu kwa mguu. Wakati mwengine naisahau kazi ya chini, nasahau na nguo za pasi, mpaka naitwa.

Nna suala moja. Noti ya nne ya uzi wa pili, na uzi wa tatu ukiwa mtupu: zinatakiwa zifanane au zitofautiane? Kwenye tarakimu zako mara unaniweka hapa, mara pale.

Mwanao,
Mboni


Kikwajuni
11 Februari 2024

Mwanangu Mboni,

Suala gani hilo? Piga zote mbili usikilize! Zikifanana, umepatia, zisipofanana, sogeza kidole mpaka zifanane. Mtu mwenye besi mbele yake ananiuliza mimi niliye ng'ambo ya bahari. Mvivu wee.

Nikwambie na la uchungu, usije ukalisikia kwa watu. Klabu imenunua kinanda cha umeme, kina besi ndani yake. Unabonyeza. Wanasema Muhanna kazeeka mkono, na kinanda hakizeeki. Besi wanataka kumuuzia mwenye hoteli mmoja aiweke mlangoni pake, watalii wapige picha nayo. Mboni, nimegombana nao mpaka nikavua kofia.

Tumekatiana shauri hivi mbele ya kamati. Watakungoja wewe. Ukija, ukaipiga bashraf pamoja nao kuanzia mwanzo hadi mwisho, besi inabaki na kiti ni chako. Ukishindwa, besi inakwenda zake na mimi sina la kusema tena.

Kwa hivyo ukifika usipite nyumbani. Shuka kwenye ndege, njoo klabu moja kwa moja, Alhamisi baada ya alasiri, na begi lako mkononi. Ntakuwa nimekaa mbele.

Ami yako,
Muhanna


Ghubra
Ijumaa, 6 Septemba 2024

Ami yangu,

Tikiti ninayo. Alhamisi tarehe kumi Oktoba, ndege inatua saa tisa mchana. Ntakuja na begi mkononi, kama ulivyosema.

Bi Balqis kaniwekea mkataba mpya mezani na kalamu juu yake. Nikamwambia, bibi, mimi naondoka, nna kazi kwetu. "Kazi gani?" Nikamwambia mpiga besi. Hakucheka mara hii. Kasema nafasi yangu anaichukua mwengine wiki hiyo hiyo, kwa hivyo nisije nikarudi kulia mlangoni. Nikamwambia sirudi. Ami, sijui kama nimewahi kusema neno tamu vile.

Bashraf naipiga nimefumba macho, kutoka mwanzo mpaka mwisho, siku mia mbili sijakosea hata mara moja.

Mwanao,
Mboni


Kikwajuni, Unguja
Jumamosi, 12 Oktoba 2024

Dada Bupe,

Kaa chini kwanza ndo usome.

Bi Mastura, mke wa Ami, alinipokea uwanja wa ndege. Njia nzima anazungumza habari ya bei ya nazi, hanitazami usoni. Klabu nikawakuta wote wameshakaa: fidla tatu, kanuni, dumbak, Bwana Aflah na akodiani lake, kinanda kimesogezwa ukutani kimefunikwa kitambaa. Ami kakaa mbele kabisa, kanzu mpya. Kanikumbatia, anaongea, anaongea, hanipi nafasi hata ya kusema shikamoo. "Hapana maneno, mwanangu. Panda, shika besi."

Nikaishika. Bupe, ilikuwa na uzito. Ubao wangu haukuwa na uzito. Plasta za Ami ziko shingoni, nyeusi kwa mafuta ya vidole, lakini sikuziangalia, ningeziangaliaje? Nilifundishwa kufumba macho. Bwana Aflah akahesabu, tukaanza.

Uzi mtupu ulitoka kama radi ya mbali. Nikasema alhamdulillahi. Noti ya pili ikatoka kitu kingine. Haikuwa chafu, ilikuwa chini, imezama. Ya tatu imezama zaidi. Nikajua kabla hawajajua. Nikajaribu kusogeza kidole, nikapitiliza. Nikarudisha, kikarudi pale pale kilipozoea. Mkono niliouzoesha miaka miwili hausikii amri ya dakika mbili.

Fidla moja ikaacha. Ya pili ikaacha. Mwenye kanuni akaweka mikono mapajani. Bwana Aflah akalifunga akodiani, likatoa pumzi. Nikabaki peke yangu na sikujua kuacha, nilijua kumaliza tu, kwa hivyo nikamaliza. Na Ami mbele yangu, mguu wake unahesabu, macho hayatoki kwenye vidole vyangu, anatabasamu! Nilipopiga ya mwisho akasimama akapiga makofi. Peke yake, Bupe, ukumbi mzima. "Mmemsikia?" akasema, kwa sauti kubwa kupita kiasi. "Mmemsikia mwanangu?"

Bwana Aflah akachukua kijidaftari kilichofungwa kwa uzi kwenye mkono wa kiti cha Ami, akaandika, akampa. Nilichungulia. "Haikuwa sawa, mzee wangu. Tusamehe." Ami akasoma, akakikunja. "Mtoto kachoka na safari," akasema.

Ndo nikajua. Hasikii. Usiku Bi Mastura kanambia yote: homa ilimpata wiki mbili baada ya mimi kuondoka, ikaondoka na masikio yote mawili. Siku zote zile za msikitini alikuwa kakaa chumbani, na Bi Mastura kaapishwa asiseme. Hajapiga besi siku hata moja tangu homa ile. Alikuwa ananifundisha muziki kiziwi, na mimi najifunza kwenye kitanda.

Watu walipotoka nikarudi kwenye besi, nikaweka mkono wangu shingoni, gumba kwenye pembe, nikaukunjua mpaka ukauma. Haukufika kwenye plasta yake. Haukukaribia. Mkono wake ni mkubwa, Bupe, mkono wangu ni mdogo, na hakuna aliyewaza. Shubiri ni shubiri, tulisema sote wawili.

Jumatatu mwenye hoteli anakuja na gari. Dodoma na Mbeya, uliniambia. Niulizie kazi.

Mboni


Qantab
1 Novemba 2024

Mdogo wangu,

Nimelia, halafu nikacheka, halafu nikalia tena. Pole. Sina neno jingine, na hilo lenyewe dogo.

Kazi ipo. Jirani wa madamu wangu hapa Qantab anatafuta mtu. Sikufichi: wazee wawili mmoja haamki kitandani, watoto watano, jiko la gesi ni lako peke yako. Mkataba miaka miwili. Bi Balqis nilimpigia mwenyewe Ijumaa, kashapata mtu, wala hana kinyongo. Kaniuliza kama ulishika besi. Nikamwambia ndiyo, uliishika.

Njoo. Ijumaa tutakuwa wote.

Bupe


Qantab
Ijumaa, 17 Januari 2025

Ami,

Shikamoo.

Mwezi mzima nilikaa nyumbani kwako, na kila siku ulikuwa unalala au unajifanya umelala. Nimeondoka bila kusema na wewe. Nasema sasa.

Nilikudanganya. Besi iliondoka nyumbani kwa Bi Balqis kabla sijaisoma barua yako ya kwanza. Nilikuwa napiga ubao wa kitanda na mshipi wa samaki. Glasi hazikutetemeka. Hakuna aliyesikia kitu, hata mimi. Hilo ni langu, nalibeba.

Lakini wewe, Ami! Ungeniandikia mstari mmoja tu: Mboni, masikio yangu yamekufa. Ningekwambia na mimi besi yangu imeondoka. Tungekaa tukafikiri la kufanya. Badala yake ukanambia fumba macho, sikio litakurekebisha. Sikio la nani? Ukaniacha nijitie miaka miwili kwenye mkono mbovu, nikakataa kalamu ya Bi Balqis kwa majivuno, nikasimama mbele ya Bwana Aflah na wote wanaonijua tangu nna meno ya utoto. Na wewe ukapiga makofi. Kati ya yote, hilo la makofi ndo linaniuma. Kiziwi anapiga makofi, hajui kapiga kwa ajili gani, watu wanatazama chini.

Sasa naogesha wazee wa watu. Bibi kizee wa hapa ana mkono kama wako, mrefu. Namkata kucha.

Mboni


Kikwajuni
9 Februari 2025

Mwanangu Mboni,

Marahaba. Nilikuwa najifanya nimelala.

Yote uliyoandika ni haki yangu kuyasoma, isipokuwa moja si kweli, na nikiliacha utaniona bora kuliko nilivyo. Unasema nilipiga makofi sijui. Masikio yangu yamekufa, Mboni. Macho yangu mazima. Mbele pale nilikaa makusudi.

Noti ya pili tu, kidole chako kilisimama kabla ya plasta. Nikasema anababaika. Noti ya tatu, kabla. Ya nne, kabla. Kila mara pale pale, pungufu kwa kiasi kile kile, bila kutetemeka. Mtu anayebabaika anatangatanga, wewe hukutangatanga. Ndo nikalikumbuka lile suala lako la uzi wa pili na uzi wa tatu, nililokuita mvivu kwa ajili yake. Mwenye besi hawezi kuuliza vile. Nikatazama mkono wako. Wallahi sikuwahi kuutazama mkono wako maisha yangu yote, nimekulea mimi. Mdogo, kama wa marehemu baba yako. Nikajua yote kwa pamoja, bashraf haijafika nusu: huyu hana besi, na shubiri hii nimempa mimi.

Ningeweza kunyanyua mkono. Ningesema simama, fumbua macho, fuata plasta, anza tena. Plasta zilikuwa chini ya pua yako. Aflah asingekataa, ana huruma yule. Pengine ungeweza, maana mguu wako ulikuwa sawa, hesabu yako ilikuwa sawa, hukuiacha hata mara moja. Lakini ningekusimamisha ungeniuliza kitu. Ungesema, "Kuna nini, Ami?" na mimi ningekutumbulia macho kama samaki mbele ya watu wote, na ungejua. Niliona haya. Nilichagua wewe uzame ili mimi nisionekane, kisha nikapiga makofi kwa nguvu ili usiusikie ukimya wao.

Hilo ndo langu. Si uziwi.

Kabla gari la hoteli halijaja nilikwenda klabu na uzi wa kushonea wa Bi Mastura. Nimeulaza shingoni mwa besi, nikafunga fundo kwenye kila noti, moja moja, kwa macho, nimeazima miwani ya Aflah. Umo ndani ya bahasha. Besi yenyewe iko mlangoni kwa hoteli, wanaitundikia mashada ya maua. Uzi hauna kazi tena. Lakini vipimo vyake ni sawa.

Muhanna


Qantab
Ijumaa, 7 Machi 2025

Ami Muhanna,

Shikamoo. Ramadhani njema kwako na kwa Bi Mastura.

Uzi umefika, haujakatika. Bupe kaushika juu mbele ya dirisha, tukahesabu mafundo.

Ubao sinao, niliuacha Ghubra, naambiwa Bi Balqis anapangia viatu. Chumba changu cha hapa hakina kitu ila kitanda cha chuma na ukuta. Nimeupigilia uzi wako ukutani kwa misumari miwili, nikatia alama ya kalamu kwenye kila fundo, kwa nyuzi zote nne za besi. Nimejaribu shubiri yangu. Inafika fundo la noti ya pili na kidogo. Inabidi mkono wote uhame, kitu ambacho hukuniandikia, kwa sababu wako hauhitaji.

Ukuta hautoi hata ile tik. Madamu wa hapa akinikuta atanirudisha kwetu kama mwendawazimu.

Sijakusamehe. Siku nikikusamehe ntakuandikia, usiulize kabla. Kiti hakipo, besi imevishwa maua, wewe husikii, na mimi nimetia saini miaka miwili. Haya nnayajua, usinambie kitu cha kunifariji, sitaki.

Bashraf ya kwanza nimeianza upya kwa mafundo yako, macho nimefumbua. Niandikie ya pili.

Mboni